Mlezi Asiyekunja Uso

Ukimwambia kuna baridi, alikuuliza, "Nani amekuuliza?" Ukimwambia una njaa, umechoka, kiatu kimekuchubua kisigino, jibu lilikuwa hilo hilo, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia: "Nani amekuuliza?" Kijiji chetu kizima, kutoka barabara ya lami hadi mtoni, tuliyachukua maneno hayo tukayafanya mchezo. Watoto waliambiana wakicheza mpira. Wanawake waliambiana kwenye kituo cha kununulia majani ya chai wakingoja lori. Lakini hakuna aliyeweza kuyasema kama yeye, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uso kama wake.

Ulikuwa uso mrefu, mweusi, wenye mashavu yaliyokauka, na haukusogea. Hata alipocheka, kicheko kilitoka kifuani na mabega yakatikisika, lakini uso ulibaki pale pale kana kwamba haukupewa habari. Na alipenda kucheka. Wageni walidhani ni mtu mkali. Sisi majirani tulijua kuangalia mabega.

Kwetu Kipsigis, wavulana wanapotahiriwa hukaa mahali pa faragha kwa majuma mengi, chini ya mtu mzima anayewafundisha kuwa wanaume. Mtu huyo tunamwita motiriot. Hapa nitamwita Mlezi tu, maana jina lake ni la watoto wake na si langu kulitangaza. Mambo ya kule hayaandikwi, nami siyaandiki. Lakini kuna jambo moja ambalo si siri, hata majirani waliohamia kwetu kutoka Murang'a na Nyeri wanalijua: siku ya kisu hupepesi jicho. Ukikunja uso umejiaibisha wewe, baba yako, na aliyekulea. Wavulana wa Mlezi huyu hawakukunja. Mwaka baada ya mwaka aliwapeleka, na mwaka baada ya mwaka walisimama kama nguzo za ua. Ng'ombe alikuwa nao wachache, na shamba lake lilikuwa dogo. Mali yake kubwa ilikuwa hiyo.

Mimi ni mmoja wa aliowalea, na sikukunja. Nalisema wazi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nililitolea jasho, kama nilivyotolea jasho kila kitu nilicho nacho.

Kwa mshahara alikuwa mtu wa kiwanda. Tangu sijaanza shule alikuwa akivuka bonde kwenda kwenye kiwanda cha majani chai cha shamba moja kubwa, amevaa gambuti nyeusi na kabuti la kijeshi ambalo hakuna aliyejua lilitoka jeshi gani. Kazi yake ilikuwa pale ambapo majani yaliyokwisha kunyauka husafiri juu ya mkanda kuelekea kwenye mashine ya kusaga. Alirudi ananukia chai mbichi, harufu inayokaribia ya nyasi zilizolowa, na ng'ombe walimjua kwa harufu hiyo kabla hajafika langoni. Chai ya kiwanda chake hakuinywa. Alisema ameiona ikiwa uchi, hawezi tena kuiheshimu. Alikunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu chake, amesimama, akitazama kipande chake mwenyewe cha chai kilichoteremka kutoka nyuma ya nyumba hadi kwenye mikalitusi. Chai hiyo aliipanda yeye na mkewe. Waliichuma pamoja siku ambazo hakuwa na zamu, na walikuwa na mashindano yao ya siri ya nani atajaza kikapu kwanza. Mkewe ndiye aliyeshinda mara nyingi. Yeye alisema kikapu cha mkewe ni kidogo.

Na huyu mtu wa uso wa jiwe hakuweza kutazama ng'ombe akichomwa sindano. Daktari wa mifugo alipokuja, Mlezi alimfunga ng'ombe mwenyewe, akamshika pembe, kisha akageuza kichwa kuelekea mtoni mpaka aambiwe imekwisha. Mkewe alimcheka mbele ya watu.

"Mwangalieni motiriot wenu!" alisema. "Sindano iko kwa ng'ombe, jasho liko kwake."

"Ng'ombe hakufundishwa," alijibu. "Yeye ana haki ya kuumia."

Mtoto akichomwa na mwiba alimbeba hadi kwenye ngazi ya nyumba, akautoa kwa ncha ya pini, akapuliza pale mahali, akapuliza tena, na kama mtoto analia hakumwuliza nani amemuuliza. Swali hilo lilikuwa la waliokwisha kutahiriwa. Kwa wadogo, kwa wanawake wenye uchungu na kwa wanyama, alikuwa na subira ambayo sijaiona hata kwa wachungaji wa kanisa letu.

Mimi nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na diploma ya mambo ya bima. Sikusomeshwa na mtu. Nilibeba mawe kwenye majengo ya Nairobi mchana na kusoma jioni, nikalala katika chumba ambacho ukinyoosha miguu unafungua mlango. Wengi niliosoma nao walikata tamaa; mimi sikukata. Niliporudi nilijenga nyumba ya mawe, ya kwanza upande wetu ambayo haikujengwa na mwalimu mkuu wala chifu. Nikafungua ofisi katika kituo chetu cha biashara, kwenye barabara ya kwenda Sigor, nikaweka taipureta mezani na diploma ukutani, ndani ya fremu yenye kioo. Watu walikuja na shida zao za bima, za mashamba, za ajali kazini. Katika nchi ya chai ajali kazini hazikosekani: mtu ameteleza kwenye mteremko na mzigo mgongoni, mtu ameguswa na mashine, mtu amechomwa na boila. Sheria ya fidia ilikuwepo, lakini wengi hawakujua mlango wake uko wapi. Mimi nilijua. Walikuja wamejikunja na kurudi wamenyooka. Wengine waliniita wakili, nami sikuwakataza.

Mlezi alikuja kuiona ofisi siku ya soko. Alisimama mbele ya diploma, mikono nyuma, kwa muda mrefu. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi.

"Hii ndiyo uliyoenda kutafuta?"

"Ndiyo, Mzee."

"Inakamuliwa asubuhi tu, au na jioni?"

Benchi zima liliangua kicheko. Nilitazama mabega yake, yakawa yanatikisika. Siku iliyofuata mkewe aliniletea kibuyu cha mursik, akasema, "Ametuma. Anasema hiyo ya ukutani ikikauka unywe hii." Hivyo ndivyo alivyompongeza mtu.

Nasimulia haya ili ieleweke alikuwa nani siku mkono wake ulipoingia kwenye mkanda.

Niliyasikia kutoka kwa mwenzake wa zamu, mtu tuliyemwita Kidole kwa sababu mashine ilikuwa imemkata kimoja miaka ya nyuma, na fidia yake nilimdaia mimi. Majani yalikuwa yamelowa siku hiyo, yakaganda. Mlezi akanyoosha mkono wa kulia kuyasukuma. Mkanda ukashika mkono wa kabuti, ukavuta. Kabla ya mtu kufika kwenye swichi, mkono ulikuwa umekwenda hadi begani, umesokotwa kama nguo inayokamuliwa.

"Tukamtoa," Kidole aliniambia. "Mimi nilipokatwa kidole nililia mpaka wakanisikia Litein, sikufichi. Huyu mzee alivua kabuti, akaliangalia lile tundu, akasema, 'Hili kabuti limeharibika.' Halafu akamaliza zamu. Kwa mkono wa kushoto, bwana!"

"Hamkumpeleka kwa zahanati ya kiwanda?"

"Nilimwambia. Akaniuliza nani ameniuliza."

Mkono haukukatika. Ngozi ilichubuka ikapona. Laiti ungekatika! Ni jambo baya kusema juu ya mkono wa mtu, lakini nimefanya kazi hii ya madai muda mrefu, na najua kwamba kidole kilichopotea hakihitaji shahidi. Bega lake lilikuwa zima kwa macho. Ndani yake kulikuwa na kitu kilichovunjika ambacho hakikupona. Mkono ulianza kupungua nguvu, ukawa mwembamba kidogo kidogo, na vidole viwili vikafa ganzi. Kiwandani walimtoa kwenye mkanda wakampa ufagio. Ufagio nao ukamshinda. Nyapara, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia akae nyumbani mpaka apate nafuu.

Mkewe alikuja ofisini kwangu akakaa kwenye benchi mpaka wengine wote wakatoka.

"Mwanangu, wewe ndiye mtu wa karatasi. Mwambie baba yako adai."

"Yeye mwenyewe anasemaje, Mama?"

"Anasema nini yule! Jana kikombe kimemponyoka, kikavunjika. Anasema kilikuwa kikombe kibaya." Alikunja leso yake, akaikunjua. "Nimeolewa na huyu mtu tangu nikiwa msichana. Najua akilala vizuri na najua akijifanya amelala. Na ile chai inamea mpaka inakuwa msitu. Mimi peke yangu siimalizi. Mwenye duka ameuliza kama tunaikodisha. Bado hatujamjibu."

Basi hilo ndilo lililokuwa mkononi mwangu: fidia ipatikane, waajiri wachumaji, chai ibaki yao; au ikosekane, chai waliyoipanda kwa mikono yao iende kwa mtu mwingine.

Mlezi alikataa, kisha akakataa tena. Alisema kudai ni kulia kwa kalamu. Nikamwambia sheria haimwombi mtu alie. Inasema tu kwamba kiwanda kilitumia mkono wako, kiwanda kikakuharibia mkono, kiwanda kilipe. Nilimwuliza, "Jirani akikodi ng'ombe wako wa kulima akamrudisha amevunjika mguu, utanyamaza?"

Alifikiri. "Nitaenda kwake asubuhi," alisema.

"Basi twende asubuhi."

Mabega yakatikisika kidogo, na nikaona lile la kulia likisimama katikati, likikataa kuendelea. Uso haukusema kitu.

Nilifanya kazi ile kama ninavyofanya kazi zangu zote, yaani vizuri. Nilikwenda naye ofisi ya leba, ya mambo ya wafanyakazi. Nilimpata Kidole akubali kutoa ushahidi, na wenzake wawili wa zamu. Kiwanda hakikubisha kwamba ajali ilitokea. Tundu la kabuti peke yake lilitosha. Ilibaki hatua moja tu: daktari wa serikali ampime, aseme mkono umepoteza kiasi gani cha kazi yake. Nilimweleza Mlezi tukiwa njiani kwamba hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. "Daktari atakugusa, atakuuliza kama unaumia. Unajibu ukweli. Hakuna kingine."

"Nimesikia," alisema.

Chumba cha daktari kilikuwa na kitanda chenye mpira mweusi na dirisha lililotazama ua wa michongoma. Daktari alikuwa mtu wa umri wa kati, si wa huku kwetu, mpole, mwenye miwani. Msaidizi wake alikuwa kijana mrefu aliyevaa koti jeupe, na tulipoingia kijana yule alisimama, akainamisha kichwa, akamvutia Mlezi kiti kwa mikono miwili.

"Chamgei, motiriot," alimsalimu kwa sauti ya chini.

Alikuwa mmoja wa vijana wake. Alilelewa naye miaka michache baada yangu, kisha akaenda kusomea mambo ya hospitali. Moyo wangu ulifurahi. Nilijua jinsi ofisi zinavyokwenda; nilidhani tumepata mtu wetu ndani. Sikutazama mgongo wa Mlezi ukinyooka.

Daktari alisoma karatasi, kisha akamwomba avue shati. Kijana ndiye aliyemsaidia vifungo. Kisha daktari akamwambia kijana auinue ule mkono polepole, huku yeye akibonyeza bega kwa vidole.

"Hapa unaumia, Mzee?"

"Hapana."

Wakauinua zaidi. Nilisikia kitu ndani ya bega kikitoa mlio, kama kijiti kikavu chini ya kiatu.

"Na hapa?"

"Hapana."

"Tukiusukuma nyuma hivi?"

"Hakuna kitu."

Kijana alikuwa ameushika ule mkono kwa heshima, akimtazama Mlezi usoni, karibu, kama Mlezi alivyomtazama yeye siku fulani ya baridi kabla ya jua kuchomoza. Na Mlezi alikuwa akimtazama yeye. Hakupepesa. Jasho lilitoka chini ya nywele za mvi, likateremka kwenye shavu, likaning'inia kidevuni. Hakulifuta.

Sikuvumilia. "Daktari," nilisema, "anaumia sana. Hawezi hata kushika kikombe."

Mlezi aligeuza kichwa, akanitazama mimi mwenye diploma, niliyemtoa nyumbani kwake.

"Nani amekuuliza?"

Daktari alivua miwani. Alisema bila dharau, "Ndugu yangu, siwezi kuandika maumivu ambayo mwenyewe anayakana. Naona ana udhaifu kidogo, labda wa umri. Mzee, una hakika?"

"Nina hakika."

Kijana alimfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja. Macho yake yalikuwa na fahari. Sitamlaumu. Alikuwa ameona kile alichofundishwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote, na alikiona kwa mtu aliyemfundisha.

Nje, kwenye ua wa michongoma, nilimfokea. Nilimwambia, "Mzee, maisha yako yote unauliza watu nani amewauliza. Leo umeulizwa! Umeulizwa na serikali, kwa Kiswahili, mara tatu!"

Alikuwa akijaribu kuvaa kabuti. Sikuthubutu kumsaidia.

"Yule kijana," alisema baadaye, "nilimwambia inavumilika. Nilimwambia mimi nimepita hapo, hakuna kitu. Aliamini, akasimama. Sasa leo ananishika mkono, unataka nimwambie nini?"

Lakini nilikuwa na njia nyingine, kwa sababu mimi si mtu wa kushindwa mara moja. Nilipinga yale matokeo. Niliandika nikieleza kwamba mgonjwa ni mtu wa mila ya kuvumilia. Nikaomba apimwe na daktari mwingine, katika mji mwingine, ambako hakuna aliyelelewa na mtu yeyote. Nikakubaliwa. Mkewe alimkalisha chini, sijui alimwambia nini, lakini safari hii Mlezi alikubali kulisema lile neno.

Tukafanya mazoezi sebuleni kwao. Naliona jambo hilo hadi leo. Mkewe alisimama nyuma ya kiti, akaweka mkono begani kwake.

"Mimi ni daktari," alisema. "Mzee, hapa unaumia?"

Mlezi alifungua mdomo, akaufunga.

"Sema basi, baba."

"Na..." Alikohoa. "Naumia." Alilisema kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma ubaoni.

Mkewe alianza kucheka. "Unaumia kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa! Tena."

"Naumia."

"Kwa uso pia!"

"Uso umefanya nini?"

Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni, na akiwa pale sakafuni kicheko kikageuka, akajifunika leso. Mlezi alikaa wima kwenye kiti, akimtazama, mkono mbovu mapajani. Kisha, peke yake, bila kuulizwa na mtu, akalirudia kwa sauti ndogo mara nyingine, akijizoeza: "Naumia."

Daktari wa pili alikuwa na watu wengi mlangoni. Alikuwa mtu wa haraka. Alipombonyeza bega, Mlezi alisema, "Naumia." Akauinua mkono: "Naumia." Akausukuma nyuma, kitu kile ndani kikalia, na Mlezi akasema, "Hapo pia naumia," kwa sauti tambarare, akitazama ukuta, na uso wake ulikuwa uso ule ule wa kila siku, kama wa mtu anayengoja basi.

Daktari alisimama, akamtazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Huyu mmemfundisha," alisema. "Nimefanya kazi hii miaka. Mtu anayeumia namjua kwa uso kabla hajafungua mdomo. Huyu mdomo unasema hivi na uso unasema vile. Nikiandika mnavyotaka, kesho mtaniletea kijiji kizima."

Nilibisha. Nilitaja sheria kwa vifungu vyake, nikamweleza mila, nikaonyesha jinsi mkono ulivyokonda kuliko mwenzake. Akasema mikono ya wazee hukonda. Hakuna niliyejua kumwandikia ambaye sikumwandikia baada ya hapo, na majibu yote yalisimama juu ya madaktari wawili: mmoja aliyeambiwa haumii, na mmoja aliyeambiwa anaumia na hakuamini. Nimeshinda madai mengi katika maisha yangu. Hili halikushindika, na bado sioni mahali ambapo mtu mwingine angelishinda.

Chai ilikodishwa. Mwenye duka, mtu wa Murang'a aliyekaa kwetu muda mrefu hata akajua kusalimu kwa Kipsigis, alifanya jambo lile kwa adabu. Alikuja mwenyewe, akavua kofia.

"Mzee, chai ni yako," alisema. "Mimi nachuma tu. Ukipata nafuu tutazungumza."

"Kata matawi ya juu yote kwanza," Mlezi alimjibu. "Imekuwa ndefu."

Mkewe aliajiriwa kuichuma pamoja na wengine. Alichuma safu zile zile alizozipanda, na jioni akapeleka kikapu kipimwe kwa jina la mtu mwingine. Mlezi aligeuza kigoda chake. Zamani alikaa akitazama mteremko. Sasa alikaa akitazama barabara.

Lakini kilichonivunja mimi si chai. Msimu uliofuata, wazee walikuja kwake kama walivyokuja miaka yote, kumwambia kuna wavulana wamekuwa tayari. Nilikuwepo kwa bahati. Aliwakaribisha, mkewe akaleta mursik, wakaongea habari za mvua. Walipofika kwenye neno lenyewe, alitikisa kichwa.

"Mtafuteni mwingine."

"Kwa nini, ni huo mkono?" mzee mmoja aliuliza. "Hatukuiti kwa ajili ya mkono."

"Si mkono." Alitazama kibuyu. "Mimi nimelisema lile neno. Nimelisema mbele ya mtu, na hata hakuniamini. Sasa nitasimama mbele ya watoto niwaambie nini?"

Walimsihi. Walimwambia hiyo ilikuwa hospitali, mambo ya serikali, hayahesabiki. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akawasindikiza hadi langoni. Hawakurudi tena. Walimpata mtu mwingine, mwalimu wa shule, kijana mzuri. Mlezi akabaki na kigoda chake na barabara yake. Hata lile swali lake akaacha kuliuliza. Watu walijaribu kumchokoza. Walipita langoni wakisema kwa makusudi, "Mzee, leo kuna baridi!" Alijibu, "Ndiyo, kuna baridi," nao wakaondoka wakiwa na huzuni bila kujua ni ya nini.

Niliacha kwenda mara kwa mara. Kazi zangu zilikuwa zimekua, nilikuwa nimefungua ofisi ya pili Chepilat. Siku moja, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, nilirudi alasiri nikakutana na mkewe njiani akitoka mtoni na mtungi. Nilimwambia namwona amekuwa na nguvu za msichana, maana kila nikipita namwona na maji.

Alitua mtungi chini. Hakucheka.

"Mwanangu, nachota maji mengi kuliko tunayotumia," alisema. "Bega likimshika ananituma mtoni. Nikirudi naona mitungi yote nyumbani bado imejaa. Mengine namwagia mboga."

"Hata wewe hataki umwone?"

"Mimi ndiye hasa." Akaupandisha mtungi tena. "Nenda umsalimie. Mimi nitapumzika hapa kidogo. Ni mapema."

Nilipanda kilima peke yangu. Wachumaji walikuwa upande wa chini kwenye chai, nikawasikia wakiitana. Nyumbani hakukuwa na mtu nje. Nilipofika kwenye ua nikasikia sauti kutoka ndani, na kwanza nilidhani ni ndama mgonjwa. Ilikuwa ndefu, ya chini, ikipanda na kushuka, bila maneno. Kisha nikasikia neno ndani yake. Lilikuwa lile la mazoezi, la sebuleni, lakini sasa halikusomwa ubaoni. Lilikuwa na sura yote ambayo daktari yule aliitafuta asiione. Alilisema mara nyingi, akikiambia chumba kitupu.

Nilisimama pale na mkono langoni. Kwetu huingii nyumbani kwa mtu kimya kimya kama mwizi. Unakohoa, wenyewe wajue umekuja kwa adabu. Nikakohoa.

Sauti ilikatika papo hapo, kama mashine iliyozimwa kwa swichi. Nikasikia kiti kikisogea. Mlango ukafunguliwa, akatoka, amevaa lile kabuti lenye tundu lililotiwa kiraka, amenyooka, na uso ule mrefu haukuwa na kitu chochote isipokuwa jasho chini ya nywele.

"Chamgei," alisema. "Karibu, mtu wa diploma. Habari za kazi?"

"Nzuri, Mzee. Na wewe, umeshindaje?"

"Mimi mzima."

Akanipa mkono wa kulia. Niliushika jinsi mtu anavyoshika yai, tukaongea habari za mvua mpaka mkewe alipofika na maji.

Tangu siku hiyo naenda kumwona kila mwezi. Ninapoanza kupanda kilima, nikiwa bado chini kabisa kwenye mikalitusi, mahali ambapo nyumba haionekani, nakohoa. Nakohoa kwa nguvu, kisha natembea polepole, nikisimama kuangalia chai ya mwenye duka, ili nikifika awe amemaliza kuuvaa uso wake.